Uchafu wa Kichwa Namba Kumi na Saba

Mimi ni mpiga rangi magari. Kibanda changu kiko Magomeni, hapa Kilosa, nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli, na ukitaka kujua hasira zangu muulize mtu yeyote aliyewahi kuegemea gari ambalo rangi yake haijakauka. Miaka kumi na moja nafanya kazi ile ile: naondoa uchafu, naziba mikwaruzo, napiga rangi, na juu ya rangi napiga klia, ile isiyo na rangi, inayoleta mng'ao na kuilinda rangi ya chini. Gari likitoka kwangu unaweza kujitazama mlangoni ukachana nywele. Kwa hiyo mwanaume aliponiambia, mwaka huu, kwamba ili tuoane lazima nijifunze kuchafua, nilidhani amelewa harufu ya thina, ile dawa ya kulegezea rangi.

Mwanaume mwenyewe ni Ngolo Shimba wa Mikumi. Wazazi wake ni Wasukuma, walihama na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, lakini Ngolo ng'ombe anawaogopa na anakiri bila aibu. Yeye anatengeneza magari madogo. Anachukua mabomba ya plastiki ya maji, anayapasua, anayapasha moto mpaka yananyooka, halafu anakata na kugundisha, na baada ya wiki unaona Landrover la watalii la ukubwa wa kiganja, lina vitasa vya milango na vioo vya pembeni. Anayauza barabara kuu, mabasi yanaposimama.

Siku ya kwanza alikuja Kilosa na gari moja ndani ya boksi la biskuti. "Dada Letisia, nimesikia hapa ndipo magari yanapigwa rangi," akasema, akafungua boksi. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kopo la pati ya kuzibia mikwaruzo. Yeye akasimama pale pale, boksi mkononi, bila kununa. "Nasubiri umalize," akaniambia. Sikumaliza. Nikisema ukweli, mpaka leo bado nacheka, na nampenda kiasi kwamba nikisikia Noah ya abiria ya Mikumi inapiga honi stendi, naweka chini bunduki ya kupulizia rangi, mlango wa mteja ukiwa nusu haujapakwa.

Ndivyo tulivyoanza, yeye anaunda, mimi napaka. Ndani ya mwaka mmoja tukajua tunachotaka, na hapo ndipo alipoingia Mjomba.

Kwetu Wakaguru, anayekuoza ni mjomba. Baba yupo na anaheshimiwa, ila neno la mwisho ni la kaka wa mama yako. Mjomba wangu Cleopa alikuwa dereva wa treni. Miaka ishirini na sita aliendesha kichwa kimoja, namba kumi na saba, kutoka Kilosa kupitia Mikumi mpaka Kidatu na kurudi na mabehewa ya sukari. Alipostaafu, kichwa nacho kilistaafishwa, kikakatwa kikauzwa kama chuma chakavu. Picha yake hana hata moja. Mkewe, Mama Gerald, naye aliwahi kufanya kazi reli, sijui kitengo gani, maana katika nyumba ile aliyekuwa akisimulia habari za reli ni mmoja tu.

Ngolo alikuja kujitambulisha siku ya Jumapili, baada ya ibada. Majirani walijaa mlangoni, kwa sababu Wasukuma na sisi ni watani, na mtani akija kuchumbia watu hawataki kupitwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi mwenyewe?"

"Ndiye. Nimekuja mchana ili mnione sura vizuri."

Majirani wakaangua kicheko. Mjomba akafurahi, nilimwona mdomo unavyocheza. "Basi ng'ombe msilete," akasema. "Nitawafunga wapi, sebuleni? Mpwa wangu natoa kwa kitu kimoja. Nirudishieni kichwa changu cha treni. Siku washenga wakija, kiwe mezani hapo. Nikikitambua, tunaongea. Nisipokitambua, mnakunywa soda, mnarudi kwenu."

Watu walicheka mpaka mtu mmoja akakohoa. Mimi sikucheka. Mjomba wangu anatania kila kitu: msiba, mahubiri, mguu wake mbovu. Treni hatanii hata siku moja. Na hilo lilikuwa neno la utani lililosemwa mbele za watu, na kwa desturi yetu mtani hawezi kusema ameonewa, wala Mjomba hawezi kesho kusema alikuwa anachekesha tu. Nilimtazama Ngolo nikidhani atajiumauma. Yeye alikuwa anatoa kalamu mfukoni.

"Mjomba," akauliza, "ngazi ya dereva ilikuwa na vikanyagio vingapi?"

Wiki sita Jumapili zote alikuja kuhoji. Mjomba alinyoosha mikono kuonyesha urefu wa dirisha, alipiga hatua uani kuonyesha urefu wa injini, akachora grili kwa kijiti kwenye mchanga. Ngolo aliandika kila kitu, akafanya kila mita ya kichwa kuwa sentimita tatu. Kilipokamilika kilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na ribiti zake zote, zile pini za chuma zenye vichwa vya mviringo, kila moja imekatwa kwa sindano ya moto. Mimi nikakipiga rangi ya kijani, mstari wa njano, namba kwa brashi ya nywele tatu, na klia mikono miwili, yaani mara mbili. Kiling'aa. Nilikibusu, nisidanganye.

Wiki tatu kabla ya siku ya washenga tulikipeleka kwa Mjomba akione, ili tusije kuaibika mbele za watu. Akavaa miwani. Akaizunguka meza mara mbili.

"Kizuri," akasema.

"Asante, mjomba."

"Ni cha nani?"

Ngolo akamwonyesha namba ubavuni, kumi na saba.

"Hiki kimetoka dukani leo," akasema Mjomba. "Changu kilifanya kazi. Kilitoka Kidatu na vumbi la miwa, kikanyeshewa Mikumi, kikaingia Kilosa kimejaa moshi. Hiki hakijafika hata Kimamba hapo jirani. Mpelekeeni mtu wa maonyesho, yeye atakipenda." Akavua miwani, akarudi kwenye redio yake.

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya maji. Ilikuwa imejaa, na mguu uliuma siku mbili. Kusema kweli nilikuwa na hasira za mtu anayeogopa. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nimempata mtu ninayemtaka, na sasa nakwamishwa na usafi.

Ngolo alinisubiri nimalize kuitukana ndoo. "Anataka uchafu," akasema. "Tumpe uchafu. Jumanne njoo Mikumi, nikutembeze."

Wapenzi wengine hupelekwa mbugani kuona simba. Mimi nilipelekwa kwenye maegesho ya malori. Tulizunguka malori yanayotoka Zambia tukiangalia matope, tumeshikana mikono. Ngolo ananionyesha jinsi mvua inavyoteremsha vumbi kutoka kwenye kingo za dirisha, michirizi miembamba. Mimi namwonyesha mafuta yaliyokauka chini ya kifuniko cha tangi. "Ona masizi haya nyuma ya ekzosi," anasema, macho yanang'aa. "Mazuri," namjibu, na nilimaanisha. Dereva mmoja alishuka akatuuliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunaangalia uchafu wa gari lake, tumeupenda. Akapanda tena, akafunga vioo. Tulicheka mpaka tukashikilia tairi la lori tusianguke.

Jumatano nikaanza kazi, na nikaanza kwa ujinga.

Nilichanganya rangi nyeusi ya mafuta, ile ya kupakia madirisha, na kahawia kidogo. Nikataka kuilegeza iwe nyepesi kama chai ya rangi, ili ikipakwa itiririke yenyewe kwenye mifereji na kuzunguka ribiti. Ngolo alikuwa ameniambia nijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Mimi, fundi wa miaka kumi na moja, nijaribu kwenye kijiko. Mkono wangu ukaenda kwenye chupa ya thina bila kuniuliza, kama unavyokwenda kila siku, nikachanganya, nikapaka kwenye pua ya kichwa cha treni.

Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi ilipendeza ajabu. Halafu klia ikaanza kujikunja. Ilijikunja kama utando wa maziwa ukiupuliza, na rangi ya kijani chini yake ikaanza kutoka kwenye brashi. Nilikaa chini. Mwaka jana nilimgombeza fundi mwenzangu mpaka akaacha kuja, kwa sababu alifuta bampa langu jipya na thina. Klia niliyokuwa nimepiga kwenye treni ni ile ya kukauka kwa hewa tu, haichanganywi na dawa ya kugumisha, na inalegezwa na thina hiyo hiyo, ikauke mwaka au miaka miwili. Tena ilikuwa na siku nne tu. Kidole kilisema imekauka. Ningeinusa ningejua bado, maana klia changa inanuka, na ikiwa inanuka ujue ndani bado ni laini.

Nilimpigia Ngolo. Sikumwambia neno, nilikuwa nalia.

"Umetumia thina," akasema.

"Umejuaje?"

"Nakufahamu. Nakuja na vijiko."

Alikuja na vijiko ishirini vyeupe kutoka kwa mama wa chipsi. Tulipiga msasa ile pua mpaka ikawa laini, tukairudishia rangi na klia, na vijiko vyote tukavipiga rangi na klia ile ile, siku ile ile, tukaviweka darini pamoja na treni. Siku kumi kila asubuhi nilikwenda kuvinusa. Jirani aliyeniona nanusa vijiko aliniuliza kama nina mimba. Siku ya kumi na moja havikunuka kitu, na hapo tukaanza majaribio kwa adabu.

Kijiko cha thina kilikunjamana mara moja. Cha petroli kilipauka, kikanata. Cha tapentaini kilibaki salama. Cha mafuta ya taa tulikiacha robo saa nzima kimelowa, tukakisugua na tambara, nikajitazama ndani yake nikaona meno yangu yote. Siri nzima ni hiyo, na nimeishi nayo miaka yote bila kuiheshimu: kinacholegeza uchafu kisiwe na nguvu ya kulegeza klia. Uchafu ukae juu, klia ikae katikati, rangi ilale chini kwa amani. Ukikosea uchafu, unafuta, unaanza upya, hakuna aliyeumia.

Basi tukachafua. Rangi ya mafuta, mafuta ya taa, brashi nyembamba, na pamba za masikio za kufutia. Napaka kwenye mfereji, nasubiri dakika chache, nafuta ya ziada, inabaki kwenye kona kama ilivyobaki kwenye yale malori. Haikuwa kazi ya kulowesha, ni kugusa tu na kuacha. Tulipata wazimu. "Mlango huu msafi mno, ni aibu," namwambia. "Ongeza tope kwenye magurudumu." "Paa halina masizi ya kutosha." Tuligombana nusu saa kuhusu mchirizi mmoja chini ya dirisha, kisha tukapatana, kisha tukafanya mchirizi wa pili kwa furaha ya kupatana. Kufika jioni kichwa namba kumi na saba kilikuwa kimechakaa kwa miaka ishirini na sita ndani ya saa tano. Nilikuwa na masizi puani na sijawahi kuwa mrembo hivyo, kwa maneno ya Ngolo.

Kilibaki kitu kimoja: kupiga klia ya mwisho, ile isiyong'aa, kuufunga uchafu usitoke. Lakini mafuta ya taa yanachelewa kukauka, na ukifunga kabla hayajaisha yatakaa ndani yasumbue. Tukakubaliana tufunge baada ya posa. Ijumaa alasiri nilikipeleka kwa Mjomba kimefunikwa kitambaa, nikakiweka kwenye meza ya sebuleni. Mjomba alikuwa kwenye kikao cha kanisa, Mama Gerald alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamwachia ujumbe jirani: kisiguswe. Ujumbe ule uko huko huko kwa jirani mpaka leo.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilifika nimevaa kitenge kipya. Sebule ilikuwa inameremeta. Sakafu imepigwa deki, vitambaa vya makochi vimefuliwa, hata waya wa redio umefutwa. Na Mama Gerald amesimama mezani, tambara mkononi, kichwa cha treni mbele yake, harufu ya mafuta ya taa imejaa chumba.

"Letisia mwanangu," akasema, "wageni wanakuja na hiki kidude chenu kilikuwa kichafu kupita kiasi. Nimekufutia."

Nina mdomo, kila mtu Kilosa anajua. Lakini Mama Gerald ni mke wa mjomba, amenibeba, na alikuwa anatabasamu. Nilisema, "Asante, mama." Ubavu ule, na ule wa upande wa pili, michirizi yote, nusu saa ya ugomvi na mapatano, vimekwenda. Niliinama nikaangalia kwa karibu. Klia ilikuwa nzima. Hata doa hakuna. Nilitaka kufurahi na kulia kwa pamoja. Nilikuwa na uwezo wa kuurudisha uchafu wote kwa nusu saa, kama ningekuwa na rangi, na brashi, na nusu saa.

"Hodi hapa, watani," sauti ikasema nje.

Mshenga alikuwa Mzee Machibya, na nyuma yake watu wanne. Mama Gerald akanisukuma chumbani, kwa sababu binti anayeposwa hakai na wageni. Akakifunika kichwa cha treni kitambaa, akakipangusa hata kitambaa chenyewe. Ngolo hakuruhusiwa kuingia, alikuwa barabarani, amekaa juu ya bodaboda ya rafiki yake. Nikamtumia ujumbe: Mama Gerald amekifuta. Jibu likarudi kabla sijapumua. Klia? Nikaandika: Nzima. Akaandika: Basi. Ndipo nikajua kwamba hata wakirudi Mikumi na soda tumboni, nitaolewa na mtu huyu, kwa kutoroka ikibidi. Lakini sikutaka kutoroka. Nilimtaka Mjomba aseme ndiyo kwa mdomo wake, mbele ya mama yangu aliyekuwa jikoni akichambua mchele, mbele za watu wote. Nilisimama nyuma ya pazia, jicho moja tu nje.

Salamu zikaenda na kurudi. Mzee Machibya akaanza utani wake. "Tumesikia hapa kuna mpiga rangi. Kwetu nyumba zimefubaa."

"Kwenu zimefubaa kwa moshi wa samadi," akajibu Mjomba. "Mpiga rangi yupo, anauma."

"Tumekuja na mifupa."

Wakacheka. Kisha Mjomba akakohoa. "Mnakumbuka nilichosema," akasema. "Kiko wapi?"

Mzee Machibya akaonyesha meza kwa heshima zote, akijua tu alichoambiwa na Ngolo, kwamba kichwa kile ni kichafu kama cha mwaka wa tisini. Mjomba akavaa miwani. Akanyanyua kitambaa.

Aliinama taratibu, mkono kwenye goti la mguu mbovu. Akanusa. Akaweka kidole chini ya dirisha la dereva, akakishusha, taratibu, mpaka chini. Alizunguka upande wa pili, akafanya vile vile. Akaangalia paa, ambalo lilikuwa bado na masizi yetu yote. Akaangalia pembe ya chini ya mlango wa dereva, karibu na ngazi. Pale ndipo alipokaa muda mrefu. Halafu akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena.

"Nani amekifuta?"

Wageni wakatazamana.

"Mimi," akasema Mama Gerald kutoka mlango wa jikoni. "Kilikuwa kichafu."

"Umekifuta kwa nini?"

"Kwa sababu kuna wageni."

"Nauliza umekifuta kwa kitu gani."

"Tambara na mafuta ya taa. Tulikuwa tunafutia nini kingine?"

Mjomba akageuka kumtazama. "Na paa hukufuta."

"Paa halikuwa kazi yetu, Cleopa. Paa ni la watu wa karakana. Sisi tulikuwa wa ubavuni."

Nyuma ya pazia niliziba mdomo kwa mikono miwili. Mwanamke huyu nimekula ugali wake tangu sijaota meno. Kumbe alikuwa anafuta vichwa vya treni pale stesheni, alfajiri, kabla madereva hawajapanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kitengo. Wiki sita Ngolo na mimi tulimhoji Mjomba kuhusu kichwa kile, na yeye akipita na chai, akiweka vikombe, akiondoa vikombe.

"Kutoka juu kwenda chini," Mjomba aliwaambia wageni. "Namba kumi na saba nilikuwa naipanda saa kumi na moja asubuhi, imefutwa hivi hivi, juu kwenda chini, inanuka mafuta ya taa. Uchafu umebaki kwenye ribiti tu, na kwenye kona. Na hapa." Akagusa pembe ya chini ya mlango. Pale palikuwa na kipande cha tope letu, ukubwa wa ukucha, hakijaguswa. "Hapa kila siku palikuwa hapajafutwa. Kila siku. Mwaka mzima nilikuwa nashuka namwambia huyu, Devota, kona hii umeisahau tena. Nilidhani hajui kazi."

Mama Gerald alikuwa anakunja tambara, mara mbili, mara nne.

"Nilikuwa naijua kazi," akasema. "Nilikuwa napaacha ili ushuke."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama yangu, jikoni, na mchele ukamwagika. Mzee Machibya alipiga magoti yake kwa viganja, wageni wakashikana mabega, na Mjomba Cleopa, mtu wa miaka sabini na mbili, mzee wa kanisa, akasimama katikati ya sebule uso umemwiva, hajui aweke wapi mikono. Macho yake yalikuwa yamelowa na alikuwa anacheka. Halafu akavuta kiti, akamkalisha mkewe mbele ya wageni, kitu ambacho sijawahi kukiona katika nyumba ile, na yeye akabaki amesimama.

"Miaka ishirini na sita nilikiendesha," akasema, "lakini miaka niliyokuwa nakipenda ni ile minne aliyokuwa anakifuta huyu. Hiki ndicho. Nimekitambua. Washenga, kaeni, tuongee."

Nilisahau kwamba binti anayeposwa hatoki. Nilipita mbele ya wageni wote na kitenge changu kipya, nikatoka nje, nikakimbia mpaka barabarani. Ngolo aliniona nakuja akashuka kwenye bodaboda, uso umempauka, akidhani nimekuja kusema tutoroke.

"Amekitambua," nikamwambia. "Mama Gerald ametuoza. Kwa tambara."

Nikamweleza yote pale pale, nacheka, naanza katikati, narudi mwanzo, mwenye bodaboda naye anauliza maswali. Ngolo alikaa kwenye jiwe akacheka mpaka akalala chali kwenye majani. Nikasubiri amalize.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Mjomba na bunduki ya rangi na kopo la klia isiyong'aa, kuufunga uchafu uliobaki. Mjomba alisimama mbele ya meza kama mlinzi. Akaniuliza, kile cha chini, kinachong'aa, kinaweza kuvumilia mafuta ya taa? Nikamwambia kinaweza, nimekijaribu kwenye vijiko. Kila siku? Kila siku, mjomba, alimradi pasiwe na thina. Basi usifunge kitu, akaniambia, niachie hivyo hivyo. Siku hizi kila jioni anakipaka vumbi kidogo la uani kwa kidole, anadhani hatumwoni, na asubuhi Mama Gerald anakifuta, juu kwenda chini, paa haligusi.

Ngolo naye ameniletea Landrover jipya juzi. Nililipaka rangi lote, nikalipiga klia mikono miwili, ila pembe moja ya mlango, chini kabisa, niliiacha bila rangi, nikamtumia kwa Noah ya asubuhi. Saa nane mchana nilisikia honi stendi.